Ule msamaha wa VAT kwenye pedi (2018): ile asilimia 18 aliila nani?

MamaDuka_NjiaKuu ameandika:

Wadau, habari za jioni.

Msimu wa bajeti ukikaribia kila mtu anadai kodi ipunguzwe. Wenye viwanda wanadai yao, na nasikia kuna wanaotaka msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye pedi urudi. Sipingi mtu. Ila kabla hatujaanza kupiga makofi naomba mnisaidie jambo moja lililonikaa kooni tangu 2018.

Nina duka kwenye mji mdogo wa barabarani, kati ya Gairo na Dodoma, pale mabasi yanaposimama dakika tano abiria wanunue mahindi na kuchimba dawa. Nauza unga, sukari, sabuni, vocha, na pedi. (Bungeni wanaziita taulo za kike. Dukani kwangu mtu akiniomba taulo nampa la kuogea.) Kila ninachonunua nakiandika kwenye daftari. Si usomi. Marehemu mume wangu alikuwa anakopesha watu halafu anasahau, nikajifunza kwa machungu.

Juni 2018 Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dk. Philip Mpango, alisoma bajeti akasema VAT inaondolewa kwenye taulo za kike, hasa kwa ajili ya wanafunzi na wanawake wa vijijini, wazipate kwa bei nafuu. Kuanza Julai mosi. Redio ikatangaza asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya kwanza ya Julai wakaja mabinti wawili wa sekondari, wamevaa sare, wameshika sh. 1,650. Nilikuwa nauza pakiti 2,000. Walikaa wakapiga hesabu wenyewe, elfu mbili toa asilimia kumi na nane, wakapata 1,640, wakaniongezea na shilingi kumi kwa heshima.

Mimi pakiti ile nilinunua kwa 1,700. Nikawaambia, wanangu, huku bei bado haijashuka. Wakaondoka. Mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kutaka nisikie: "Huyu mama kala kodi yetu."

Sasa daftari linasema hivi, katoni ya pakiti 24, duka lile lile la jumla. Juni 2018: 40,800. Agosti 2018: 40,800. Novemba: 41,500. Machi 2019: 41,500. Kila nikienda namuuliza yule wa jumla, kaka, na ile ya Serikali? Ananiambia mzigo wa zamani huo mama, subiri mpya. Mpya ukaja, akasema dola. Nikaacha kuuliza.

Juni 2019 Waziri yule yule akasimama tena, akasema msamaha unafutwa kwa sababu haukumfikia mlaji: wafanyabiashara hawakushusha bei. Nilikuwa nasikiliza huku napima mchele. Nikajiuliza, wafanyabiashara ndio nani, na mimi nimo? Mimi VAT hata sijasajiliwa. Kipindi kile ilikuwa lazima uwe na mauzo ya milioni 100 kwa mwaka. Mimi nalipa kodi ya makadirio, na hiyo yenyewe naililia.

Julai tarehe 9, 2019, nimeenda kununua: katoni 45,600.

Kwa hiyo kushuka kulipewa mwaka mzima na hakukufika. Kupanda kulitumia siku tisa.

Halafu katika hotuba ile ile wakasema mwekezaji mpya wa kiwanda cha taulo za kike atalipa kodi ya kampuni asilimia 25 badala ya 30, kwa miaka miwili. Yaani msichana ananyang'anywa nafuu yake kwa kosa la mwenye mzigo, na mwenye kiwanda anaongezewa ya kwake.

Swali langu: ile hela ya mwaka mzima aliila nani hasa? Na kabla ya kutoa msamaha, kuna mtu aliyepewa kazi ya kuandika bei ya jana ili aje kuilinganisha na ya kesho? Maana mimi wa darasa la saba niliandika.

---

KibandaUmiza ameandika:

Mama na wewe ulikula kidogo, kiri tu yaishe.

MamaDuka_NjiaKuu ameandika:

Njoo na stuli, nakufungulia ukurasa kwa ukurasa.

---

RitaniTarehe20 ameandika:

Dada, mimi ni mhasibu, naandaa ritani za VAT za watu (taarifa za kodi za kila mwezi) miaka kumi na nne sasa. Wacha nianze na hao mabinti, maana kosa lao linafanywa hata na waheshimiwa.

VAT huwa imeshalala ndani ya bei. Kuitoa unagawanya kwa 118 kisha unazidisha kwa 18. Na kwa kuwa wewe hujasajiliwa, kodi haiko ndani ya 2,000 unayouzia, iko ndani ya 1,700 uliyonunulia: sh. 259. Maana yake hata kama njia nzima ingekuwa na malaika watupu, katoni yako ingeshuka hadi kama 34,600, na wewe ukiongeza 300 zako ungeuza 1,741. Ile 1,650 isingefika hata kwa maombi. Serikali haikuwaeleza wananchi hilo, wakaachwa na asilimia 18 kichwani, na wewe ukaachwa na matusi.

Sasa kuna jambo la pili, na hapa ndipo penye uchungu. Bidhaa *kusamehewa* VAT si sawa na kutozwa *asilimia sifuri*. Watu wanadhani ni kitu kimoja. Chukua kiwanda cha hapa nchini. Tuseme kila pakiti inakula malighafi na vifungashio vya sh. 600 vilivyonunuliwa kwa VAT, yaani 108 juu. Kama pakiti inauzwa na VAT, au kwa asilimia sifuri, kiwanda kinaidai ile 108 kwenye ritani na kurudishiwa. Ikiwa ya msamaha, hakidai chochote. Ile 108 inageuka gharama na inaingia kwenye bei kimyakimya. Kwa hiyo katika 259 yako, mwenye kiwanda wa hapa angeweza kuachia labda 150, na hapo ni kwa mfano wangu tu. Anayeagiza pakiti zilizokamilika kutoka nje, yeye bandarini halipi VAT kabisa, hana kilichonasa. Msamaha ule ulimpendelea mwagizaji kuliko kiwanda chetu. Afrika Kusini waliliona hilo, tarehe 1 Aprili 2019 wakaziweka pedi kwenye asilimia sifuri. Sisi tulichagua msamaha, halafu mwaka mmoja baadaye tukashangaa.

Kuhusu kodi ya kampuni, hapo nilicheka peke yangu ofisini. Kodi hiyo hukatwa kwenye *faida*. Kiwanda kipya mwaka wa kwanza na wa pili kina riba ya mkopo, kina uchakavu wa mashine unaoruhusiwa kukatwa, kina wafanyakazi wanaojifunza na kuharibu mali. Wengi wao kwenye vitabu wana hasara. Asilimia 30 ya sifuri ni sifuri, na 25 ya sifuri ni sifuri. Kwa miaka miwili! Ukitaka kumsaidia mtu anayejenga kiwanda, msaidie kwenye mashine na malighafi, siku ambayo hela inamtoka. Kumpunguzia kodi ya faida ni kumwandalia chakula cha usiku mtu anayekufa njaa asubuhi. Na sheria ilitaka mwekezaji aingie kwanza makubaliano na Serikali ya nini atatimiza. Wazo zuri sana. Mimi nafanya kazi hii na sijawahi kuyaona makubaliano hata ya mmoja.

---

MzigoUmeingia ameandika:

Mimi nauza jumla Kariakoo. Mtaa siutaji. Nitasema ukweli kwa kuwa jina langu halipo hapa.

Julai 2018 nilikuwa na mzigo stoo uliolipiwa VAT bandarini. Huo sikushusha, na sioni aibu, maana ningeuza kwa hasara. Uliisha kama mwezi na nusu. Kontena lililofuata liliingia bila VAT. Siku ile nilikaa na mdogo wangu tukapiga hesabu, tukaona tunaweza kutoa karibu elfu tano kwenye katoni na bado tukabaki na faida yetu ya kawaida.

Nikamwangalia jirani. Jirani hajashusha. Naye nadhani alikuwa ananiangalia mimi. Wateja kutoka mikoani walikuja, wakauliza mara moja, wakachukua. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyekuja kukagua. Dola ilikuwa inapanda kidogo kidogo, nikajipa sababu ya dola. Ukweli ni kwamba dola haikula elfu tano. Tulikula sisi na aliyetuletea kutoka nje, maana yeye naye aliongeza bei yake mwezi wa kumi alipogundua tumekaa vizuri.

Julai mosi 2019 nilikuwa na katoni kama mia tatu stoo zilizoingia bila VAT. Niliziuza kwa bei mpya. Mama, wewe unalalamikia siku tisa. Mimi nilitumia siku moja.

---

RitaniTarehe20 ameandika:

Heshima kwako mkuu, watu wengi hawasemi hivi hata mbele ya kasisi.

Hali hiyo haiko kwetu tu. Uingereza walifuta VAT ya pedi na tamponi 1 Januari 2021, na waliofuatilia bei baadaye wakakuta sehemu kubwa ya nafuu imebaki kwa wauzaji. Na kule ni maduka makubwa yenye bei zinazosomeka kwenye kompyuta.

---

MzeeWaUgawaji ameandika:

Vijana, msije mkaishia kuomba bei zipangwe. Mimi nilikuwepo. Tume ya Bei iliundwa 1973, ikapanga bei ya kila kitu hadi kiberiti. Bei ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi, na rafu za maduka ya RTC, yale ya Serikali ya kila mkoa, zilikuwa tupu. Mwaka 1983, wakati wa kukamata wahujumu uchumi, watu walitupa sabuni na vitenge usiku wasikutwe navyo. Mke wangu alijifungua mwaka ule. Hizo pedi mnazojadili hatukuziona hata za bei mbaya.

MamaDuka_NjiaKuu ameandika:

Shikamoo mzee wangu. Sijaomba mtu apange bei, Mungu aniepushe. Nimeomba mtu *aiandike*. Hivi hilo nalo ni uhujumu?

MzeeWaUgawaji ameandika:

Marahaba mwanangu. Hapo sina neno.

---

PampuNambaTatu ameandika:

Hilo la kuandika linawezekana, mimi naliona kila mwezi. Nafanya kazi sheli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo, mji kwa mji, na ukienda kwenye taarifa yao unaona lita moja imegawanywa: mafuta yenyewe kiasi gani, tozo na kodi kiasi gani, msambazaji kiasi gani, sisi wa rejareja kiasi gani. Saa sita usiku tunabadilisha namba kwenye bango. Bosi wangu hapendi kushusha, hakuna anayependa, lakini anashusha kwa sababu anajua akikutwa anauza juu ya kikomo atapigwa faini.

Mnakumbuka Juni 2022, Rais Samia alipotoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi? Bei ilishuka mwezi ule ule, na kila dereva wa bodaboda alijua inatakiwa kusoma ngapi. Alikuwa anaingia ananisomea mimi. Sasa niambieni, pedi zina nini gumu kuliko petroli? Waagizaji wakubwa si wengi na viwanda si vingi. Ungewaambia tu: leteni bei zenu za Juni, leteni za Septemba, tunazibandika.

RitaniTarehe20 ameandika:

Tume ya Ushindani tunayo tangu sheria ya 2003, lakini kazi yake ni kuangalia watu wasile njama na walaji wasidanganywe. Mfanyabiashara anayemwangalia jirani na kunyamaza, kama mkuu wa Kariakoo hapo juu, hajala njama na mtu. Amenyamaza tu. Kwa hiyo jibu la swali la pili la mleta mada, kwa ninavyojua mimi, ni hapana. Kazi hiyo haikuwa ya mtu.

---

WaNakuru ameandika:

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Niruhusuni niseme ya kwetu Kenya.

Korona ilipoingia, Aprili 2020, Serikali ya Uhuru Kenyatta ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, ikashusha kodi ya kampuni kutoka 30 hadi 25, na wenye mishahara ya hadi shilingi 24,000 wakasamehewa PAYE yote, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara. Mimi nilikuwa napanga mali kwenye bohari, mshahara 22,000. Ile ya PAYE niliiona kwa macho: mwisho wa mwezi nilipata kama 1,200 zaidi, imeandikwa kwenye karatasi ya mshahara, hakuna wa kunizungusha. Nilinunua gesi.

Ile ya VAT niliitafuta kwenye rafu mwezi mzima. Kitu cha shilingi 116 kilitakiwa kuwa 114. Nani atabandua lebo kwa sababu ya shilingi mbili? Nasema hivyo nikijua, kwa sababu kubandua lebo ndiyo ilikuwa kazi yetu, na hatukuagizwa. Januari mosi 2021 VAT ikarudi 16, kodi ya kampuni ikarudi 30. Siku hiyo tuliagizwa. Tulikaa hadi saa nne usiku.

Kwa hivyo mimi siku hizi mwanasiasa akisema "tumepunguza kodi" namuuliza: inapitia mikono mingapi kabla ya kufika kwangu?

MamaDuka_NjiaKuu ameandika:

Kwa pedi nimehesabu: mwagizaji, wa Kariakoo, wa Dodoma mjini, mimi. Minne. Na binti wa tano.

---

KibandaUmiza ameandika:

Sasa mnataka nani awajibike, Waziri? Si alisema ukweli kwamba bei haikushuka?

MamaDuka_NjiaKuu ameandika:

Alisema ukweli, na nampa haki yake, wengine wasingesema. Lakini ebu fikiria kazi za kawaida. Mimi nikimpa kijana wangu laki moja akanunue mafuta ya kula, akarudi mikono mitupu akaniambia "mama, hela haikufika sokoni", simwambii "basi, kesho hupewi" nikaenda kulala. Namuuliza ilipitia wapi. Kama alimpa mtu, mtu huyo nani. Bunge lilipitisha msamaha 2018, Bunge lilifuta 2019, mikono ile ile iliyosema ndiyo ikasema ndiyo tena. Katikati hapo kuna mwaka mmoja wa hela, na mimi sikusikia mtu akitaja hata mwagizaji mmoja alileta katoni ngapi, alinunua ngapi, aliuza ngapi. Bandarini si kuna karatasi? Kila kontena lina karatasi. Mimi nikiingiza kiroba cha dagaa bila risiti nasimamishwa njiani.

Na kosa la msingi ni kusema "wafanyabiashara" kwa mkumbo. Neno hilo lilikuja kunikuta mimi na faida yangu ya 300, likampita aliyekula elfu tano kwa katoni. Kijiji kizima kikaniangalia mimi kwa sababu mimi ndiye wanayemwona. Afisa wa biashara alikuja kweli, Septemba 2018, nikafurahi, nikatoa daftari. Hakulitazama. Alikagua leseni, akaniambia mizani yangu imechelewa kupigwa muhuri, akaondoka.

Mkuu wa Kariakoo, nakushukuru kwa ukweli wako, kwa dhati. Ila nina dogo. Ile ya "unataka risiti au hutaki", yenye bei mbili, mlikuwa mnafanya na kwenye pedi? Maana kama mzigo ulikuwa unatoka bila risiti tangu zamani, basi sehemu ya VAT mlikuwa mmeshajisamehe wenyewe kabla ya Waziri.

MzigoUmeingia ameandika:

Mama hilo nitakujibu kesho, leo nafunga duka.

---

RitaniTarehe20 ameandika:

Siku ya nne leo. Mkuu bado anafunga duka.

PampuNambaTatu ameandika:

Foleni ya Msimbazi hiyo.

---

MamaDuka_NjiaKuu ameandika:

Mwacheni, kasema mengi kuliko waliolipwa kusema.

Nawapa la mwisho niende kupika. Yule binti aliyesema nimekula kodi yao sasa ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa. Jana jioni kaja kununua pakiti mbili, mwenyewe ana wasichana wa darasa la sita na la saba wanaomjia ofisini kwake wakiwa wameanza ghafla. Nikampa simu asome uzi huu. Akasoma la Kariakoo, akarudi juu akalisoma tena, kimya. Nikadhani ataniomba radhi. Akatoa noti akahesabu, akasema, "Mama, zimepungua mia tano, nitaleta Ijumaa."

Nimemwandika kwenye daftari.